Kwa nini mnyama anayekula majani hula kondo lake la nyuma?

#1 Mfuga_Jioni (mleta mada)
Salamu wakuu. Ng'ombe wangu amezaa salama, na nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza kumlamba ndama, aligeuka na kulinusa kondo la nyuma lililokuwa limeanguka karibu na miguu yake, akaanza kulivuta kwa ulimi na kulitafuna polepole, huku ncha ya utando ikining'inia pembeni mwa mdomo. Mnyama huyu hajawahi kugusa nyama maisha yake yote, na majani mabichi yalikuwa mbele yake.

Kila ninayemuuliza hunijibu kwamba anaficha harufu ili wanyama wakali wasije. Mimi nadai kwamba jibu hilo halitoshi, kwa sababu damu na maji ya uzazi yalikuwa yamekwisha kulowesha ardhi na harufu ilikuwa imejaa zizini. Mwenye maelezo bora na ayalete.

#2 Kijiti
Mleta mada, jibu uliloambiwa ni sahihi, ila hukulipa nafasi. Wazee wa ng'ombe walikuwa wanyama wa porini, na ndama wa jamii hiyo hulala kimya amejificha kwenye majani huku mama akienda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Ndama mwenyewe akishalambwa hatoi harufu nyingi. Kinachobaki ni kondo, ambalo likioza juani linaweza kumwongoza fisi kutoka mbali. Mama anayelila anapunguza hatari hata kama haiondoi yote. Zizi lako lina mlango na taa, lakini tabia ya ng'ombe haikuumbwa ndani ya zizi.

#3 Mtazamaji_Kimya
Ndugu Kijiti, simba jike naye anamficha nani? Paka, mbwa na simba hula makondo yao bila kuacha hata kipande. Nyani na tumbili wengi hufanya hivyo wakiwa juu ya mti, ambako wangeweza kuliachia lianguke chini na kuhama tawi. Ikiwa tabia hii ipo kwa mwindaji na kwa anayewindwa, kwa anayeishi juu ya miti na kwa panya aliye shimoni, basi hofu ya wawindaji haiwezi kuwa sababu ya wote.

#4 Kijiti
Simba jike huwaficha watoto wake kwa wiki kadhaa kabla ya kuwapeleka kwenye kundi, na hafanyi hivyo kwa kujifurahisha. Fisi huwaua watoto wa simba, na madume wageni wanaotwaa kundi huwaua pia. Kwa hiyo ndiyo, ana wa kumficha. Tumbili nakuachia, hoja hiyo ina uzito.

#5 Mwl_Viumbe
Wadau, kabla hatujafika mbali ni vizuri tukubaliane kondo ni kitu gani, kwa kuwa majibu mengi yanategemea hilo.

Kondo ni kiungo kinachojengwa zaidi na mtoto kuliko mama. Huota kutoka kwenye tando zinazomzunguka mtoto na kushikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Kupitia hapo mtoto hupata oksijeni na chakula na kutoa uchafu, na kondo lenyewe hutengeneza homoni zinazodumisha mimba na kuandaa matiti au kiwele. Damu ya mama na damu ya mtoto hupita jirani kabisa lakini kwa kawaida hazichanganyiki.

Ukaribu huo hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama. Kwa nguruwe na farasi, kondo limetandaa karibu mfuko mzima wa uzazi na tishu za mama zinabaki nzima. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, limeshikamana kwa vifundo vingi vinavyoitwa kotiledoni, na ng'ombe huwa navyo takriban 70 hadi 120. Kwa mbwa na paka, ni mkanda unaozunguka kiumbe katikati, nao umechimba hadi kufikia kuta za mishipa ya mama. Kwa binadamu na panya ni sahani ya mviringo iliyochimba hadi ikaoga ndani ya damu ya mama yenyewe.

Kuhusu swali la kula, mtafiti Mark Kristal wa Marekani aliandika mapitio mwaka 1980 akiiita tabia hii fumbo, na alipinga maelezo ya kuficha harufu kwa hoja zinazofanana sana na za Mtazamaji_Kimya. Kwa hiyo mleta mada hayuko peke yake katika mashaka yake.

#6 Shamba_la_Bibi
Mwalimu, asante kwa maelezo. Kwangu jibu ni lishe tu. Mnyama amechoka, amepoteza damu nyingi, hajala vizuri tangu uchungu ulipoanza, na mbele yake kuna kipande kikubwa chenye protini na madini ya chuma. Nguruwe wangu hawaulizani maswali, wanakula kondo la kila mtoto na kuendelea kuzaa.

#7 Daktari_wa_Kwato
Naomba kurekebisha jambo moja katika bandiko namba 6. Ng'ombe aliyezaa bila matatizo hapotezi damu nyingi. Mwalimu ameeleza sababu bila kuitaja: kwa ng'ombe na nguruwe kondo halichimbi mishipa ya mama, hivyo linapoachia huacha ukuta wa mfuko wa uzazi ukiwa karibu mzima. Ni mwanamke anayebaki na jeraha kubwa pale kondo lilipokuwa, na ndiyo maana kutoka damu baada ya kujifungua ni hatari ya kutisha kwa binadamu kuliko kwa ng'ombe. Ukiona ng'ombe anatiririka damu baada ya kuzaa, usifikiri ni kawaida, ita daktari, maana huenda amechanika.

Ukuta huohuo mnene una gharama yake. Kingamwili za mama hazipenyi kwenda kwa ndama, kwa mwanakondoo wala kwa mtoto wa farasi au nguruwe. Huzaliwa bila kinga ya mama katika damu na huipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ambayo utumbo wao huweza kuifyonza vizuri katika saa chache za kwanza na mlango huo hufungwa ndani ya takriban siku moja. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili nyingi akiwa bado tumboni.

#8 Shamba_la_Bibi
Daktari, damu iwe nyingi au kidogo, protini haijaondoka. Hoja yangu ya lishe inasimama.

#9 Mwl_Viumbe
Inasimama kwa mguu mmoja. Kama ingekuwa njaa ya protini au ya madini, ng'ombe au kondoo mwenye upungufu angetamani kondo wakati wowote, na aliyeshiba angeliacha. Hali haiko hivyo. Uchunguzi uliochapishwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kondoo jike huchukizwa na maji ya uzazi katika sehemu kubwa ya maisha yake, hata kuacha chakula kilichopakwa maji hayo. Anapozaa tu, chukizo hugeuka kuwa mvuto mkubwa, kisha baada ya saa chache mvuto huo hupotea. Njaa haiwashwi na kuzimwa kwa namna hiyo. Kinachowasha ni kuzaa kwenyewe, pamoja na homoni na mtanuko wa njia ya uzazi.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapoanzia. Mama anavutwa na maji ya uzazi, na mtoto amelowa maji hayo. Anamlamba, anamkausha, anajifunza harufu yake, na ndani ya saa mbili hivi amekwisha kumtambua kama wake na kuwafukuza wengine. Watafiti walipowaosha wanakondoo mara tu walipozaliwa, mama wengi, hasa waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, walisitasita kuwapokea. Kondo nalo limelowa maji yaleyale. Kwa maoni yangu, kuliwa kwake ni matokeo ya pembeni ya mvuto uliokusudiwa kwa mtoto.

#10 Malisho_Mapana
Hili la Mwalimu nimelitumia bila kujua jina lake. Kondoo wangu mmoja alizaa mtoto mfu siku moja na mwingine aliyezaa watatu akashindwa kuwanyonyesha. Nilichukua maji na utelezi kutoka kwa aliyepoteza, nikampaka mtoto wa tatu mwili mzima, hasa kichwani na chini ya mkia, kisha nikamweka mbele ya pua ya yule mama. Alinusa, akatoa ile sauti ya chini wanayoitoa kwa watoto wao, akaanza kulamba. Jambo hili linafaulu maji yakiwa mabichi; ukichelewa, anampiga kichwa.

#11 Daktari_wa_Kwato
Safi sana, Malisho_Mapana, ila wasomaji wengine wavae glavu kabla ya kujaribu, hasa kama mtoto amekufa au mimba imetoka kabla ya wakati. Bakteria wa brusela hustawi mno katika kondo la ng'ombe, kwa sababu kondo hilo lina eritritoli, aina ya sukari wanayoipenda, na humwingia binadamu kupitia michubuko ya ngozi na macho. Makondo ya mbuzi na kondoo yanaweza kubeba pia viini vya homa ya Q kwa wingi wa kutisha, navyo huvutwa kwa pumzi. Mama mjamzito asishike vitu hivi kabisa.

Kwa upande wa ng'ombe wa mleta mada, simshauri mtu aache kondo lote liliwe. Ni kubwa, ni refu, lina utelezi, na mara mojamoja humkaba ng'ombe kooni au kumvuruga tumbo. Likishaanguka na ukahakikisha limetoka lote, liondoe na ulizike kwa kina. Msiwape mbwa. Kuna kiini kinachoitwa neospora, ambacho mbwa hukipata kwa kula tishu kama hizo, kisha kikatoka kwenye kinyesi chake, kikaingia kwenye malisho, na ng'ombe wakaanza kutupa mimba.

#12 Kijiti
Kwa hiyo Daktari ametupatia sababu nyingine bila kukusudia: usafi. Mama anayekula kondo anaondoa kitu kinachooza na kuvuta nzi mahali ambapo mtoto amelala. Kwa mbwa, paka na panya wanaozalia kwenye tundu au kiota, hilo lina maana kubwa.

#13 Mtazamaji_Kimya
Kwa wenye viota, nakubali. Ng'ombe wa porini hana kiota. Anaweza kumwamsha ndama na kuhama. Naona Kijiti anabadilisha nguo, mwili ni uleule.

#14 Nyota_ya_Zizi
Samahani kwa kutoka kidogo nje ya njia. Nyie mnajadili kondo linaloliwa, mimi wangu halikutoka kabisa. Ng'ombe alizaa mapacha kabla ya siku zake, kondo likaning'inia hadi kwenye magoti ya nyuma. Mtu aliyejiita mtaalamu akalifunga jiwe ili lijivute lenyewe, halafu kesho yake akaingiza mkono na kulinyofoa. Mfuko wa uzazi ulioza, homa ikapanda, maziwa yakakatika, na kwa muda mrefu hakushika mimba tena. Naomba kujua kwa nini kondo hukataa kutoka.

#15 Daktari_wa_Kwato
Pole sana. Jiwe na kunyofoa ni makosa mawili makubwa. Uzito ukivuta, kondo hukatika na kuacha vipande ndani. Mkono ukilazimisha, vifundo vya mama hujeruhiwa na bakteria hupata njia. Kondo la ng'ombe kwa kawaida huanguka ndani ya saa 12 tangu ndama atoke, na likipita saa 24 tunasema limebaki. Kinachotazamwa ni ng'ombe mwenyewe: joto la mwili, hamu ya kula, harufu ya kinachotoka. Akiwa mchangamfu, mara nyingi huachwa kondo lioze na kujitenga lenyewe katika siku zinazofuata, na matibabu hutolewa dalili za maambukizi zikionekana. Ninyi wenye farasi msitumie kipimo hiki. Kwa farasi saa 3 zikipita ni dharura, kwani sumu za bakteria zinaweza kumwingia hadi kwenye kwato. Likishatoka, litandazeni chini mhesabu pembe zote mbili za kondo, yaani matawi yake mawili yanayofuata umbo la mfuko wa uzazi, maana ncha ya pembe ambayo mtoto hakuwemo ndiyo hukatika na kubaki ndani.

Kuhusu sababu, zipo kadhaa: mapacha, kuzaa kabla ya wakati, mimba kutoka, upungufu wa madini ya selenia na vitamini E, kalsiamu kushuka wakati wa kuzaa. Wako alikuwa na mbili kwa pamoja.

Na kama mapacha wako walikuwa dume na jike, usiweke matumaini kwa yule jike. Mara nyingi mishipa ya makondo yao huungana mapema tumboni, vitu kutoka kwa dume vikapita kwenda kwa jike, na viungo vyake vya uzazi visikue ipasavyo. Zaidi ya tisa kati ya kumi huwa tasa. Mwanabiolojia Frank Lillie alilieleza jambo hili mwaka 1916.

#16 Mwl_Viumbe
Niongeze upande ambao wafugaji huambiwa mara chache. Mwaka 1953 mwanabiolojia Peter Medawar wa Uingereza aliuliza swali ambalo halijaisha hadi leo: mtoto ana nusu ya urithi wa baba, kwa hiyo kwa mwili wa mama ni kama kiungo cha mtu mwingine kilichopandikizwa, kwa nini haukatai? Sehemu ya jibu ni kwamba seli za kondo huficha alama ambazo chembe nyeupe za damu huzitumia kutambua mgeni.

Sasa kwa ng'ombe, wakati wa kuzaa unapokaribia, alama hizo hujitokeza zaidi, na inaonekana kwamba ni vizuri zijitokeze. Chembe nyeupe huvutwa kwenye vifundo na kusaidia kuyeyusha gundi iliyoshika kondo. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliona kwamba ndama anapofanana mno na mama yake katika alama hizo, uwezekano wa kondo kubaki huongezeka. Mwingine wa mwaka 2002 uliona kwamba ng'ombe ambao makondo yao yalibaki walikuwa na chembe nyeupe dhaifu hata kabla ya kuzaa. Kwa maneno mengine, kondo linavumiliwa kwa miezi tisa kisha linafukuzwa, na mama asipolitambua kama mgeni kwa wakati, hatalifukuza.

#17 Shamba_la_Bibi
Mwalimu, tulianza na mdomo, sasa tuko kwenye damu. Mwenye mada ameshalala.

#18 Mfuga_Jioni
Sijalala, nasoma kila neno. Ila bado hakuna aliyenieleza ng'ombe anapata faida gani *yeye*, siyo ndama.

#19 Panya_Maabara
Faida ipo, na nashangaa haijatajwa: maumivu. Kristal huyohuyo aliyetajwa kwenye bandiko namba 5 aliendelea na majaribio kwa panya na kugundua kwamba kondo na maji ya uzazi vikimezwa huongeza nguvu ya dawa za maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Kondo pekee halipunguzi maumivu. Linakuza athari ya kile ambacho mwili umekwisha kukitoa kwa sababu ya uchungu, na ni lazima lipite tumboni. Majaribio kama hayo yalifanywa kwa ng'ombe waliomeza maji ya uzazi na kutoa matokeo ya mwelekeo huo. Fikirieni nguruwe anayezaa watoto kumi mfululizo: kondo linalotoka katikati linaweza kumsaidia kuvumilia wanaofuata.

#20 Mtazamaji_Kimya
Kwa nguruwe na panya hoja inapendeza. Ng'ombe huzaa ndama mmoja, na kondo huanguka saa kadhaa baadaye, wakati uchungu mkubwa umepita. Anapunguza maumivu ya nini?

#21 Panya_Maabara
Maji ya uzazi hutoka kabla ya ndama, na ng'ombe wengi hulamba mahali yalipomwagika wakiwa bado katika uchungu. Anza kuhesabu hapo. Tena mfuko wa uzazi huendelea kujikaza baada ya ndama kutoka.

#22 Nyota_ya_Zizi
Kama ni hivyo, mbona wanawake hawali? Kuna wanaouza vidonge vya kondo lililokaushwa.

#23 Daktari_wa_Kwato
Na wasile. Mwaka 2017 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa taarifa ya mtoto mchanga aliyeugua tena maambukizi ya bakteria kwenye damu, na bakteria wa aina hiyohiyo walikutwa ndani ya vidonge vya kondo alivyokuwa akimeza mama yake. Majaribio ya kulinganisha vidonge hivyo na vidonge vya bandia hayakuonyesha kwamba vinaongeza madini ya chuma kwa mama. Binadamu ni miongoni mwa wanyama wachache ambao tabia hii haipo kwao kama jambo la kawaida, na sioni sababu ya kuianzisha.

#24 Malisho_Mapana
Wachache wengine ni akina nani?

#25 Mwl_Viumbe
Nyangumi na pomboo, na hao tunawaelewa, kondo linazama. Farasi kwa kawaida hali. Na ngamia pamoja na jamaa zake wa Amerika ya Kusini, kama lama na alpaka, hawali wala hawaonyeshi hamu.

#26 Mtazamaji_Kimya
Basi ngamia ndiye awahukumu wote. Ana wawindaji, kwa hiyo Kijiti ajibu. Anaishi pakame penye lishe haba, kwa hiyo Shamba_la_Bibi ajibu. Ana uchungu wa kuzaa kama wengine, kwa hiyo Panya_Maabara ajibu. Na anampenda mtoto wake vizuri tu, kwa hiyo Mwalimu naye asikimbie.

#27 Kijiti
Nami naomba Mwalimu atangulie.

#28 Mwl_Viumbe
Sikimbii, ngamia yuko upande wangu. Mtoto wake huzaliwa amefunikwa na utando mwembamba wa ziada ambao wengi wa wanyama wengine tuliowataja hawana, na utando huo hukauka na kubanduka wenyewe. Mama humnusa na kumtolea sauti, lakini hamlambi. Kwa kuwa ulimi hauanzi kazi kwa mtoto, hauna njia ya kufika kwenye kondo. Kulamba na kula ni tabia moja, na palipokosekana ya kwanza ya pili nayo haipo.

#29 Panya_Maabara
Mwalimu, farasi humlamba mtoto wake kuanzia kichwani hadi mkiani, na umesema mwenyewe kwamba hali kondo.